Safu Isiyokuwepo

Miaka kumi na minne nilikaa meza ya alama, Lugogo,
kalamu nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu,
ya buluu kwa zilizobaki,
na karatasi yenye safu ya kila kitu:
pointi, faulo, mipira ya kurudi, sahihi ya refa.
Ya Candia haikuwemo.

Maana utaandikaje jinsi mtu anavyosimama?
Miguu imepandwa kwenye mbao kama nguzo za ghala,
mikono imekunjwa kifuani,
na beki wa watu anakuja mbio, macho kwenye mpira,
anakutana na kifua hicho, pu!
huku Lubowa, kijana wetu wa magazeti,
akipita nyuma yake taratibu kama aendaye dukani,
anaruka, anatumbukiza,
uwanja unalipuka.
Mimi naandika: Lubowa, mbili.
Lubowa, tatu. Lubowa, mbili na faulo.
Mkono wangu ulilizoea jina hilo
hadi nikaliandika kwenye orodha ya sokoni.

Candia alishuka na basi la usiku kutoka Arua,
vidole vimekunjwa ndani ya viatu vya kuazima.
Timu ya Wanareli ilimtakia urefu tu.
"Simama chini ya kikapu," alisema kocha Byabashaija,
"usifanye kingine."
Akasimama misimu kumi na mmoja.
Mchana alibeba magunia ya kahawa ghalani Namuwongo,
jioni aliuleta mgongo uleule
kwenye viwiko vya watu.
Mshahara ulikuja walipomkumbuka.

Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Huyu hakusifiwa.
Tembo lake lilibaki kali hadi tone la mwisho.

Jukwaani walimwita Kabati.
"Kabati, sogea, tunataka kuona mpira!"
Goti likamtoa mechi tatu, kabati likahamishwa,
na Lubowa, Lubowa yuleyule,
akarusha mara ishirini akapata nne.
Magazeti yakaandika kwamba ana malaria.

Usiku mmoja mvua ilipiga bati hadi filimbi ikamezwa.
Baada ya mechi aliinama mezani kwangu, jasho likidondoka kwenye karatasi:
"Dada Nakibuule, ule mpira wa kurudi, dakika ya mwisho,
umenipa mimi. Ulikuwa wa Ssozi. Futa."
Alikuwa na minne tu.
Wino haufutiki; nikaukata kwa mstari, nikatia sahihi,
ikabaki mitatu.
Akasema asante, kana kwamba nimemwongezea.

Mechi yake ya mwisho haikutangazwa.
Nilijua kwa sababu alikuja na soksi moja tu mpya.
Nikachukua rula, nikachora safu pembeni,
bila kichwa, sikujua niiteje.
Kila mwili wake ulipomfungulia mwenzake njia
niliweka kijiti.
Kijiti kwa bega. Kijiti kwa nyonga.
Kijiti kwa ile hatua nusu ya kurudi nyuma
ambayo ni yeye na mimi tu tuliiona,
na pengine yule beki aliyebaki chini akishika mbavu.
Robo ya tatu safu ilijaa, nikageuza karatasi.

Kamishna akauliza: "Vijiti gani hivi? Karatasi chafu."
Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo miaka mingi.
Nikasema kalamu inavuja.

Arobaini na kimoja.
Nilivihesabu mara mbili, nikiwa getini,
taa za uwanja zikizimwa moja baada ya nyingine.
Yeye alikuwa ng'ambo ya barabara,
barafu imefungwa gotini kwa mfuko wa nailoni,
akibishana bei na kijana wa bodaboda
aliyemwambia kwamba mtu mrefu hivyo
ni abiria wawili.
Akacheka.
Akalipa wawili.